Siku ya Kumi Iliangukia Alhamisi

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Nauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kosele, na mteja akinunua magorogoro matatu, ile mikebe ya kupimia, namhesabia akisikia, kisha narudia kimoyomoyo. Ndiyo maana nilikasirika muuguzi wa zahanati aliponiambia nimekosea hesabu mwaka mzima.

"Mama, unaanzia wapi kuhesabu?" aliuliza. Aliniita mama kwa adabu tu. Mtoto ndiye niliyekuja kumtafuta.

"Siku damu inapokwisha. Kesho yake ndiyo moja. Ikifika kumi na nne namwita mume wangu kutoka Masara."

Akacheka kidogo, akavuta kalenda yangu. "Moja ni siku damu inapoanza. Wewe hutokwa siku tano. Kumi na nne yako ni kumi na tisa. Yai likishatoka halimalizi hata siku nzima. Mume wako amekuwa akifika soko limefungwa."

Nilihesabu tena palepale, kwa vidole. Kumi na tisa. Mume wangu huchimba dhahabu, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimemtoa shimoni kuja kulala na mke ambaye yai lake limeshakwenda.

"Anzeni siku ya kumi," muuguzi akasema. "Kila baada ya siku moja, mpaka ya kumi na sita. Mbegu ya mwanamume huvumilia siku kadhaa. Afadhali isubiri yai kuliko yai kuisubiri."

Mwezi huo siku ya kumi iliangukia Alhamisi. Nikampigia mume wangu simu.

"Wiki hii haiwezekani," akasema. "Tumekaribia mwamba wenye dhahabu. Mzee wa shimo, msimamizi wetu, ametukataza kulala na wake zetu."

Kule mashimoni wapo wanaoamini kwamba aliyelala na mwanamke akishuka, dhahabu hujificha. Sikubishana naye. Anayeweka bei ndiye wa kuongea naye. Jumatano niliacha meza yangu kwa jirani, nikaenda Masara mwenyewe.

Mzee wa shimo alikuwa ameketi juu ya gunia la mawe, anakunywa uji.

"Shemeji, umetuletea omena?"

"Nimekuja kuchukua mtu. Namwombea likizo ya siku kumi."

Uji ulimpalia. "Kumi! Hata mazishi ya baba mtu hayachukui kumi. Chukua tatu."

"Kwa tatu ningempigia simu tu. Nane."

"Tano, shemeji. Dhahabu ina wivu."

"Na mimi pia. Wewe una watoto wangapi?"

Akatazama ndani ya kikombe. "Sita."

"Basi unajua hawapatikani kwa simu. Saba, na hatashuka. Ataponda mawe huku juu na wanawake."

"Saba. Lakini baada ya hapo siku tatu za kujitakasa ndipo akanyage shimo. Hapo sishuki hata kidogo."

Nikajifanya naumia, kisha nikakubali. Nilipojumlisha mara ya pili, saba na tatu zilikuwa kumi zilezile nilizoomba.

Mume wangu alitoka shimoni na vumbi hadi kwenye kope. Nilipomweleza, alisema, "Chiega, mke wangu, hata fahali haandikiwi ratiba hivi."

"Fahali hana mke anayejua kuhesabu."

Tulikaa katika chumba chake cha mabati. Alhamisi. Jumamosi. Jumatatu. Jumatano. Jumatatu alikuwa amechoka, ananuka jasho na mawe, mimi mwenyewe nilitamani kulala tu. Tulitazamana tukacheka, kisha tukafanya tulichokuja kufanya. Mchana aliponda mawe, wenzake wakipita wanamuuliza, "Leo umeshapika?" Alijibu, "Nimepika, nangojea kuiva," akainua nyundo.

Nilirudi Kosele nikingoja. Siku ya ishirini na tisa, ambayo damu ingeanza, ilipita kavu. Niliihesabu mara mbili, halafu mara ya tatu, jambo ambalo silifanyi hata kwa pesa. Ya thelathini, nikimpimia mteja omena, nikasikia tumbo likikaza. Nilimaliza kumpimia. Nikamwongezea kiganja kimoja, sijui kwa nini.

Chooni nilikuta damu, nikalia muda wa kutosha. Kisha nikarudi mezani, nikafungua kalenda na kuandika moja, safari hii mahali pake. Nikahesabu mbele: kumi itakuwa Ijumaa. Nikampigia mzee wa shimo.

"Shemeji," nikamwambia, "safari hii likizo naanzia siku kumi na mbili."