Jitu la Mianzi la Bernardino

Bernardino alizaliwa mfupi, akakua mfupi, na kwa maelezo yake mwenyewe vita vya ukombozi vilimkuta bado anasubiri kurefuka. Alipojitokeza kwenye kambi ya wapiganaji, msituni nyuma ya Diaca, kamanda Selemane, mtu wa pwani asiye na maneno mengi, alimsimamishia bunduki ubavuni, akaangalia mdomo wa bunduki ulipofika, akasema, "Kamarada, hii itakubeba wewe." Akampeleka kwa wachukuzi.

Wachukuzi wengi walikuwa wanawake. Walikwenda hadi Rovuma na kurudi kwa njia ya Nhica, masanduku ya risasi kichwani, wakiongozwa na Catarina, mjane wa kule juu, kwenye uwanda wa mlimani. Ndege ya Wareno ikipita juu, Catarina alitua mzigo kivulini, akatafuna muhogo wake mpaka ndege ichoke. Hakuna aliyewahi kumwona anakimbia.

Bernardino hakuuchukia mzigo. Alitaka tu kuitwa mpiganaji, na alitaka hivyo kiasi cha kukosa usingizi. Kwa hiyo akatafuta ndani yake kitu ambacho wengine hawana, akakipata kimoja: mironjo. Siku za amani, vijana wakitoka jando, yeye ndiye aliyecheza juu ya ile miti mirefu ya kufungwa miguuni, kinyago usoni, kichwa kikipita mapaa ya nyumba. Huko juu hakuna aliyemuuliza urefu. Wanawake walipomwona walikimbia wakipiga kelele, maana desturi ya Wamakonde inasema mwenye kinyago si mtu, ni marehemu aliyefufuka. Mkewe alikuwa amemfulia nguo za ngoma asubuhi ileile, lakini naye alikimbia, tena mbele ya wenzake.

Basi Bernardino akapiga hesabu. Ikiwa watu wa kijijini kwake wanakimbia namna ile, kijana wa Kireno aliyetoka ng'ambo juzi atafanyaje akiona jitu refu kuliko mkorosho linamjia? Hesabu hiyo aliiona haina kasoro. Anasema hajawahi kuwa na uhakika kama ule, na tangu siku hizo akihisi uhakika hukaa chini kwanza, upite.

Alimweleza Selemane: mifupa ya mianzi, ngozi ya magunia, kichwa cha mti mwepesi, na yeye mwenyewe kifuani, miguu kwenye mironjo, akiliendesha.

"Mikono yako itakuwa wapi?" Selemane aliuliza.

"Kwenye kamba, kamarada. Kamba ndizo zinazoinua mikono ya jitu."

"Bunduki utashika na nini?"

Bernardino akafikiri. "Haitahitajika. Watakuwa wamekimbia."

"Wasipokimbia?"

"Watakimbia."

"Likipigwa risasi?"

"Mianzi haisikii maumivu."

"Nimeuliza wewe uliye ndani."

Hapo hesabu ya Bernardino ilikuwa haijafika. Lakini Selemane alikuwa na kituo kimoja cha Wareno kando ya barabara ya Mocímboa kilichomshinda, na mtu aliyeshindwa husikiliza mengi. "Lilete uwanjani," akasema. "Likivuka kutoka kwenye mikorosho mpaka kijitoni bila kuanguka, unaingia kwa wapiganaji. Likianguka, sitaki kulisikia tena."

Asubuhi ya jaribio, jitu lilisimama. Wapiganaji wakanyamaza, na Bernardino, joto likimchemsha ndani ya magunia, akasikia ukimya ule kama sifa. Akapiga hatua. Mironjo, aliyoifunga mapande ya mbao chini isizame mchangani, ikamtii. Akafika katikati ya uwanja.

Ndipo Catarina na wachukuzi wake walipotokea upande wa kijitoni, kwa njia ambayo hawakutarajiwa kuipita.

Waliona kinyago. Wakafanya kama walivyofunzwa na mama zao: wakatupa masanduku majanini, wakapiga kelele, wakakimbia, Catarina akiwa wa kwanza. Na Bernardino naye akafanya kama alivyozoea. Kwenye ngoma, wanawake wakikimbia, kinyago hufukuza. Miguu iligeuka kabla hajaiuliza. Jitu likaacha njia ya kijitoni, likawafuata wanawake kwa mbio, likakanyaga shimo lililochimbwa na muhanga, likalala chali.

Kwa rehema ya Mungu masanduku hayakulipuka.

Wanawake wakarudi kuokota mizigo. Sasa hakuna mpiganaji aliyeweza kumtoa Bernardino, maana kumtoa ni kuwaonyesha wanawake kwamba ndani kuna mtu. Wamakonde wote wakawa wanatazama mawingu. Catarina hakuwa na haraka. Aliketi karibu na kichwa cha jitu.

"Shikamoo, babu," akasema.

Marehemu hawezi kuitikia kwa sauti ya mchukuzi.

"Ana kiu," Catarina akasema, akamimina maji katika mdomo wa kinyago. Yote yakapita shingoni mwa jitu, yakaingia sikioni mwa Bernardino. "Kamanda, huyu ni wa kumtisha nani?"

"Wareno," Selemane akajibu.

"Sisi tumekimbia kwa adabu. Wareno mmewafundisha lini?"

Catarina akainuka, akajitwika sanduku lake.

"Basi babu akiamka mwambieni, kuna mchukuzi wetu mmoja, kafupi, hakuonekana leo. Mzigo wake nimebeba mimi. Akikutana naye huko kwa wafu, amrudishe."

Walipoondoka, Bernardino akatolewa, ameiva. Selemane alikuwa anapapasa mifupa ya jitu. "Mianzi mizuri," akasema. Ikakatwa, ikawa machela za majeruhi, na Bernardino akapewa kubeba ile ya kwanza.

Kwenye tambarare alikuwa balaa: machela iliinama upande wake, na majeruhi wakateleza wakilalamika. Lakini kwenye mteremko wa kupanda uwandani, ambako wa mbele anatakiwa awe mfupi ili mgonjwa alale sawa, wabebaji wenzake waligombea kuwa naye. Kupanda yeye mbele, kushuka yeye nyuma, mpaka vita vikaisha. Bunduki hakupewa.

Ndege ilimjeruhi Catarina paja mwaka uliofuata, ameketi palepale kivulini. Walimpandisha uwandani kwa mianzi ile, Bernardino mbele. Karibu na kilele akasikia sauti yake nyuma ya kisogo.

"Ahsante, babu."

Bernardino hakujibu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mianzi na, kwa desturi, ndani ya jitu lile yeye hakuwamo.