Mwalimu Mkekani

Mwalimu wa chekechea anayemfundisha mjukuu wangu ana mikono iliyojaa chaki kiasi kwamba akipiga chafya, darasa zima hupotea winguni. Kila asubuhi, kwa sauti ya kubembeleza, huwaimbisha watoto sheria waliyoitunga wenyewe: anayemfokea mtu akakae mkekani. Jana nikiwa mlangoni, mwalimu mwenyewe akamfokea mtoto aliyemwaga rangi. Mjukuu wangu, miaka minne tu, akainuka.

“Mwalimu, umevunja sheria!”

Salale! Roho ikanipaa, nikajua leo atakula kiboko. Mwalimu akavua viatu, akakaa mkekani, magoti kidevuni.

“Kweli nimekosa. Sasa niinuke?”

Mjukuu wangu akakunja mikono. “Bado.”

Mimi, niliyewafokea wanangu wote saba mpaka mabati yakatoboka, nikaondoka kwa kunyata kabla hajageuka kunitazama.