Mama aandikaye majina ya ndege za jeshi, na zamu ya mwanawe

Jua halijachomoza sawasawa, na Mama Ruperta Guaji amekwisha panda ngazi. Mkono wa kushoto umeshika kopo la rangi nyeupe. Wa kulia unafuta umande ubavuni mwa ndege, chini kidogo ya dirisha la rubani. Lazima awahi. Bati likipata joto rangi hutoa malengelenge, na hapa Beni bati hupata joto kabla watu hawajamaliza kahawa na masaco yao, zile ndizi za kupondwa.

Leo mkono wake ni mzito. Mafundi waliosimama chini ya bawa wanajua sababu, na kwa mara ya kwanza hakuna anayemtania. Jina analotakiwa kuandika ni la mwanawe wa kumzaa, Luteni Damiana Semo.

"Nimeandika aibu za watoto wa wenzangu miaka ishirini na sita," anasema bila kugeuka. "Nilikuwa nazicheka. Sasa yamenifika mwenyewe."

Mama huyu wa miaka 59 alianza kwa kuandika mabango ya mabucha mjini Trinidad, hapahapa Beni. Kambi ikamwita aandike namba kwenye mkia wa ndege moja, akaandika vizuri, akabaki. Analipwa boliviano mia moja na hamsini kwa jina, pungufu ya bango la bucha. Lakini bango la bucha, anasema, halina kisa.

Katika kambi hii rubani hajichagulii jina la redioni, na ndege mpya haipewi jina mpaka ikosee. Majina hutolewa na mafundi, nayo hutokana na kosa. Ndege iitwayo Goti gurudumu lake la mbele lilikunjika mbele ya wageni, siku ya sherehe ya mtakatifu mlinzi wa mji. Bibi Kikohozi haiwaki asubuhi za mvua mpaka ikohoe na kuwafukiza moshi wote walio karibu. Kapteni Osvaldo Melgar ni Kamba, kwa sababu aliwahi kuwasha injini aondoke huku mkia ungali umefungwa kwenye kigingi.

"Nilimbembeleza sana asiliandike," anakumbuka Kapteni Melgar. "Akaniambia, 'Jina halikuui, mwanangu. Shika ngazi hapo nifanye kazi.'"

Ndiyo desturi: mwenye jina ndiye anayeshika ngazi.

Mwandishi wa majina naye ana haki yake. Anaweza kukataa jina moja, moja tu, katika maisha yake yote ya kazi, na akikataa mafundi hawamuulizi kwa nini. Mama Ruperta hajawahi kuitumia haki hiyo. Kwa wiki nzima kambi ilikuwa inangoja aitumie.

Damiana ndiye mwanamke pekee anayerusha ndege katika kikosi hiki, na amekaa miaka miwili bila jina. Wenzake wanaitana Kamba, Popo, Chumvi. Yeye huitwa Luteni, kwa heshima zote, na heshima hiyo ilikuwa inamtesa.

Kisha mwezi uliopita, mafuriko yakiwa yamejaa, alitumwa kupeleka chanjo ya ng'ombe, imefungwa kwenye barafu, katika shamba la San Lino. Maji yakifunika mbuga, viwanja vya nyasi vya mashamba yote hufanana. Damiana akatua Santa Jacoba, kwa jirani.

Kosa aliligundua mara aliposhuka. Lakini mama mwenye nyumba alikuwa tayari anapakua majadito, wali wa nyama kavu na yai juu yake, na huku kwetu mtu hafiki wakati wa chakula akageuza akaondoka. Hilo ni tusi. Luteni akala. Mama akamwongezea. Luteni akala tena. Wakati huo watu wa San Lino walikuwa wanatazama mawinguni, barafu inayeyuka, na mnara unaiita redio ya ndege isiyokuwa na mtu.

Chanjo ilinusurika chupuchupu. Mkuu wa kambi alimkaripia Damiana mpaka sauti ikasikika karakana. Mafundi wao hawakukaripia. Siku hiyohiyo walimpa jina: Sahani Mbili.

"Angeitwa Mpotevu ningevumilia," anasema Mama Ruperta. "Lakini Sahani Mbili? Watu watasema mtoto wa Ruperta hakulishwa kwao. Nimemlea peke yangu tangu baba yake afariki, na hakulala njaa hata siku moja."

Sajini Hilarión Yuco, mkuu wa mafundi, alimfuata nyumbani. "Dada, sema neno tu," alimwambia. "Tutamtafutia jina zuri, na yataisha."

Aliyekataa ni Damiana.

"Mama, ukilikataa hilo watanipa la kuniridhisha," alimwambia mama yake jikoni.

"Si ndiyo afadhali?"

"La kuniridhisha ni la mgeni. Mimi nataka wanicheke kama wanavyomcheka Kamba."

"Hizo sahani ulikula mbili kweli?"

"Mbili."

"Wali wake ni mzuri kuliko wangu?"

Luteni aliinuka akaenda kuosha vyombo. "Hapo ndipo nilipokasirika hasa," anasema mama.

Asubuhi hii Damiana ndiye aliyeshika ngazi, kavaa sare, macho juu. Mama yake anachora mistari kwa chaki, anachovya brashi, anasita. Halafu anaiandika herufi ya kwanza kwa mstari mmoja usiokatika, na ya pili, na nyinginezo. Ni kubwa kuliko za Kamba.

"Dada, herufi zimezidi kipimo," Sajini Yuco anamwambia.

"Hata sahani zilizidi."

Hapo ndipo mafundi wanapoangua kicheko, na Damiana anacheka nao mpaka ngazi inatikisika.

Rangi ilipokauka, ndege ikaondoka. Redio ya karakana ilikuwa wazi. "Mnara, hapa Sahani Mbili, naomba ruhusa ya kuruka." Mafundi waligonga makopo kwa spana. Mama Ruperta alifuta machozi kwa kitambaa chenye rangi, akabaki na doa jeupe shavuni.

"Nina furaha," anasema. "Na hasira ninayo bado."

Miaka yote hiyo hajawahi kupanda ndege hata moja aliyoiandika. Sasa ameomba, na mkuu wa kambi amekubali: maji yakipungua atapelekwa Santa Jacoba, na rubani atakuwa mwanawe. Anataka amwone huyo mama, auonje huo wali, ajue kuna nini ndani yake.

"Nitakula sahani moja tu," anasema, akigongea kifuniko cha kopo. "Ya pili ina mwenyewe."