Shanga Zilizovuka Mto

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mjukuu wangu, hata kuliko siku ya harusi yangu, ni ile mume wangu Kaspari alipovuka mto Kilombero uliofurika, amefumbata shanga nyekundu mkononi. Alikwenda hospitali ya Ifakara kunisemea neno ambalo mimi nilishindwa kulisema. Nakusimulia kwa sababu jana umerudi kutoka kliniki unakotafutia mtoto, umenuna, unasema tarehe uliyopangiwa imekupita, nesi amekufokea, na huendi tena. Kaa hapa kwanza. Chai ikipoa tutapasha.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimeshaolewa misimu kadhaa ya mpunga na tumboni hamna kitu. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, usimfikirie hivyo, lakini alikuwa amemwambia Kaspari waziwazi: "Tukimaliza kuvuna, kama bado, naenda Uchindile kukutafutia mke wa pili." Padri asingekubali, lakini padri hakuwa analala kwetu. Na mimi nilikuwa binti wa ndoto nyingi, nilishampa mtoto jina kabla hajatungwa.

Hospitali walinipima. Daktari akasema kuna kazi ya kuzibua njia ya uzazi, nayo hufanywa siku chache tu baada ya hedhi kukatika. Zikipita hizo, unangoja mwezi mwingine. Aliyepanga siku za wagonjwa alikuwa nesi Sesilia, Mpogoro, mrefu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akaniuliza, "Mwezi wako unakuja lini?" Na mama mkwe yuko hapo kwenye benchi, bega kwa bega na mimi.

Siku hizi ninyi mnasema yote. Sisi tulipowekwa ndani kufundwa, tuliambiwa jambo hilo halitamkwi, sembuse mbele ya mkwe. Nikatazama sakafu. Mama mkwe akaona nesi anangojeshwa, akajibu yeye: "Panga tu siku, dada, tutakuja." Nesi akapanga. Siku ilipofika tukaacha dungu letu la kulindia mpunga, tukapanda mtumbwi, tukafika nikiwa katikati ya siku zangu. Tukarudishwa. Akapanga nyingine, tukafika wakati wake umeshapita. Tukarudishwa tena. Mpunga nao ulikuwa umeanza kutoa masuke.

Mara hiyo ya pili Sesilia alikasirika kweli. "Daktari anaandaa vyombo, wewe unakuja siku unayotaka! Unataka mtoto au unataka safari?"

Nikalia. Akanitazama. Halafu akamgeukia mama mkwe kwa adabu, sauti imeshuka: "Mama, naomba unisaidie kumpakata mtoto wa yule mgonjwa pale, mama yake hana nguvu." Mama mkwe kuambiwa apakate mtoto! Aliondoka mbio. Mimi nikavutwa uani, katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

"Haya, mwenzangu. Mkwe hayupo. Nani mwingine anajua siku zako?"

"Mume wangu."

"Unamwambia kwa mdomo?"

"Hapana. Natundika shanga."

Ndivyo kungwi alivyotufundisha: ukiwa katika siku zako unatundika nyekundu kitandani, ukitoka unaweka nyeupe. Mume anaona, anaelewa, hakuna anayeaibika. Sesilia alicheka mpaka akashika kamba ya mashuka. "Kumbe! Hata mimi ninazo nyumbani! Basi sikiliza. Siku ukitundika nyekundu, kukipambazuka ziletwe kwangu. Usikisie wala usitoe tarehe kichwani. Mengine niachie, nitapanga na daktari."

Ndiyo nakwambia, mwanangu, yule mama alikuwa na ukali wake, lakini alikuwa na akili ya moyo.

Shanga zilipotundikwa, mimi tumbo lilikuwa limenishika, siwezi hata kuinama. Nikampa Kaspari shanga na agizo la Sesilia. Akazitazama. "Mimi? Nibebe hizi mbele ya wanawake wote wale?"

"Basi kaa umsubiri mke wa Uchindile."

Akazichukua huku anacheka. Mto ulikuwa umejaa, viboko wanalala karibu na mashamba, naye akaenda. Sesilia ndiye aliyenisimulia alivyofika. Baraza imejaa wanawake, Kaspari amesimama kati yao, ngumi imefungwa. Mmoja akamwuliza, "Shemeji, na wewe una miezi mingapi?"

"Bado, dada. Ndiyo nimekuja kuulizia zamu."

Wakaangua kicheko. Akafika mezani, akaziachia shanga, macho ameyainua darini. Sesilia akazifunika kwa kiganja kabla mtu hajaziona. "Nimeelewa, shemeji. Mlete Jumatano ijayo asubuhi, asile kitu." Njia nzima ya kurudi Kaspari alipiga kasia akiimba, Jumatano, asile kitu, Jumatano, asile kitu.

Tulikwenda. Daktari akafanya kazi yake. Iliuma, sikufichi, na Sesilia alinishika mkono mpaka mwisho. Akaniambia huenda ikabidi kurudia.

Kweli, mwezi uliofuata nyekundu zikarudi. Watu walikuwa wameshaanza kuvuna. Kaspari yuko kitandani, homa inamtikisa. Nikakaa ndani, shanga mkononi, nalia kimyakimya. Mara mama mkwe akasimama mlangoni. Hakuingia, kwa sababu chumba cha mwana na mkewe mzazi haingii. Alinyoosha mkono tu.

"Nipe."

"Nini, mama?"

"Hicho kilichompeleka mwanangu mtoni siku ile. Nimekaa na mume miaka yote hii, unafikiri mimi shanga sizijui?"

Akazifunga kwenye pindo la kanga yake, akashika njia ya mtoni. Uchindile hakwenda tena.

Nikapangiwa siku, daktari akarudia kazi yake, na baada ya hapo shanga nyeupe zilikaa kitandani, zikakaa, mpaka nikasahau nyekundu nimeziweka wapi. Uchungu uliponishika tulifika hospitali bila taarifa. Sesilia akatuona, akapaza ile sauti yake: "Huyu amekuja bila kupangiwa siku, na simrudishi!" Mtoto niliyemzaa siku hiyo ndiye mama yako.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Rudi kliniki kesho. Msalimu yule nesi kwanza, umwambie tarehe imekupita na kwa nini imekupita, kisha umwombe siku nyingine. Kama masikio ni mengi, omba kusema naye pembeni, atakupeleka. Mwili wako usimwachie mtu mwingine aujibie. Na mume wako naye aende. Akiona aibu, mwambie babu yako alisimama katikati ya baraza ya wanawake na ngumi yake imefungwa.

Mungu akufungulie, mjukuu wangu. Akukutanishe na mikono ya upole, hata ikiwa na midomo mikali. Na siku nikiitwa mlangoni pako, isiwe kupokea shanga, iwe kupakata mtoto.