Nilivyobadilisha pikapu za gitaa mara mbili ili nimpigie binti yangu kwenye send-off

Wakuu, heshima zenu. Ninayoyaandika nimeyashuhudia mwenyewe: binti yupo, fundi yupo, na gitaa lipo ukutani hapa Kinondoni.

Mimi ni mstaafu wa utumishi wa umma. Tangu ujanani napiga gitaa la solo, rumba na dansi.

Binti yangu Neema alipochumbiwa, aliomba jambo moja tu: aingie ukumbini kwenye send-off yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, nikimpigia mimi.

Tatizo lilikuwa pikapu, yaani zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinazodaka sauti na kuipeleka kwenye amplifaya. Zangu zilikuwa zimechoka. Zilinguruma hata nisipogusa uzi.

Kwenye kikao cha kamati ya sherehe nilipiga kidogo ili wajumbe wasikie. Mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu, mjomba wa Neema, akasema mbele ya watu:

"Shemeji, kwa heshima zote, hilo ni gitaa au jenereta? Tuchukue DJ, wewe upumzike na wageni."

Upumzike! Iwekwe wazi kwamba nilistaafu kazi, sikustaafu gitaa. Nilisimama nikadai nafasi nyingine. Wakanipa hadi kikao kinachofuata.

Nilikwenda dukani kwa hasira, na hasira si mshauri mzuri wa manunuzi. Niliomba pikapu zenye nguvu kuliko zote. Muuzaji akafurahi: "Mzee, hizi kali. Ukigusa tu, mtaa mzima unajua."

Fundi wangu wa Chang'ombe alizifunga kwa ustadi, sina lawama naye. Mngurumo ukaisha kabisa.

Lakini na gitaa likaisha.

Wanaojua rumba watanielewa. Solo yetu hutaka kila noti isikike peke yake, nyembamba na safi, ipite juu ya gitaa la rhythm bila kulikanyaga. Hizi pikapu mpya zilitoa sauti nene, kama mtu anayeimba na tonge la ugali mdomoni.

Neema alisikiliza, akajitahidi asicheke. "Baba, limepata mafua."

Alicheka, kisha nikaona machozi yanamlenga. Kikao kilikuwa kimekaribia.

Hapo ndipo alipofika Mzee Seif. Huyu ana duka Temeke, duka la tangu baba yake, na enzi zetu ndiye aliyenipigia second solo, gitaa linaloijibu solo yangu. Siku hizi vidole vyake havikunjiki. Alisikiliza mlangoni kabla hata ya kuketi.

"Baba Neema, umelivalisha gitaa la rumba koti. Koti la nini na joto hili la Dar?"

Nikamjibu kwamba sikumwalika kuja kunikejeli. Akacheka tu.

Kesho yake nilimkuta kwa fundi, gitaa lake limelazwa mezani, akiagiza lifunguliwe. Pikapu zake ni nyembamba, zimesukwa kwa namna ya kuzima mngurumo bila kuinenepesha sauti. Nilikataa katakata. Gitaa la mwenzako halichinjwi kama kuku wa mgeni!

"Sikiliza," akasema, "la kwangu linapigia ukuta. Wewe una binti wa kumtoa. Fundi, fungua."

Fundi akafungua, akazihamishia pikapu zake kwenye gitaa langu.

Kwenye kikao nilipiga ubeti mmoja tu. Shemeji akatamka: "Basi DJ atapiga wakati wa chakula."

Siku ya send-off Neema aliingia taratibu, akicheza, na kila noti ilimfikia. Nilipoinua macho nilimwona Mzee Seif mezani kwake. Amefumba macho. Vidole vyake, vile visivyokunjika, vilikuwa juu ya kitambaa cha meza vikijaribu kufuata second solo.

Nilipunguza mwendo ili anifikie.

Funzo nililopata ni kwamba sauti haitafutwi kwa nguvu. Kabla hujakwenda dukani, muulize kwanza aliyewahi kupiga ubavuni mwako, kwa sababu yeye anaikumbuka sauti yako hata wewe ukiwa umeisahau. Nilimshukuru hadharani ukumbini, na ninamshukuru tena hapa ili isije ikadaiwa kwamba ni jitihada zangu peke yangu.

Wapigaji mliomo humu, ninyi mmefunga pikapu gani kwa ajili ya rumba? Na anayeona nilikosea kuzipokea pikapu za Mzee Seif, aseme bila woga, nitamjibu.