Tatu Mei

Niliandika programu ya kuwapangia wagonjwa tarehe za kurudi katika kliniki moja ndogo ya macho hapa Eldoret. Kwenye laptopu yangu, nyumbani Kimumu, ilifanya kazi bila kasoro. Kumbe kompyuta ya kliniki ilikuwa ikitanguliza mwezi mbele ya siku. Tarehe tano Machi ikachapishwa 03/05, na mama mmoja wa Soy akaisoma kama ambavyo yeyote kati yetu angeisoma: tatu Mei.

Alipofika, karibu miezi miwili akiwa amechelewa, jicho lake la kushoto lilikuwa halioni tena. Nesi alinipigia simu, nikaja, nikaigundua hitilafu kwa dakika chache tu. Kisha nikamwendea yule mama kwenye benchi, nikamwambia kosa ni langu.

“Niliiweka ndani ya Biblia nisiipoteze,” alisema, akinionyesha karatasi. “Nikangoja vile iliandikwa.”

Nilimshika mkono hadi kwa daktari, ambaye aliweza kuliokoa jicho la pili. Siku hiyohiyo nilibadilisha programu, iandike mwezi kwa jina.

Siku hizi tukikutana sokoni hunisalimia vizuri, akigeuza kichwa kidogo ili anione.