Adhuhuri ya Bi Mwajuma

Harufu ya ukoko uliolowekwa maji hunirudisha Chanika, mwaka ule tuliohamia kutoka Njombe, nikiwa na miaka minane. Nyumba yetu haikuwa na madirisha bado, mbao tu zimegongwa, na jirani wa kwanza kutupigia hodi alikuwa Bi Mwajuma, bibi wa Kizaramo mwenye sauti nene na kicheko cha karibu.

Jumamosi moja alinisimamisha njiani. "Mwambie mama, kesho mjukuu wangu anafanyiwa akika. Nyie nyote mje, tule pamoja adhuhuri."

Neno hilo, adhuhuri, sikuwahi kulisikia. Nilikimbia nalo mdomoni njia nzima lisije likanidondoka. Mama naye hakulijua, wala hakutaka ijulikane hivyo. "Ni mchana," akaamua. Na mchana wa mama ulikuwa mpana: ulianza umande ukikauka, ukaishia kuku wakirudi bandani. Basi kesho yake tulitoka kanisani bila haraka, mama akapiga pasi kitenge chake kipya mara mbili, baba akatafuta soksi. Tulifika saa tisa na nusu.

Turubai lilikuwa linafunguliwa. Masufuria yalishalowekwa, wanawake wanakwangua ukoko. Mama alinibana mkono hadi vidole vikauma. Nikajua tunageuza, na kwamba hatasema na mtu Chanika tena.

Bi Mwajuma akatokea uani.

"Shikamoo mama," mama alisema kwa sauti ndogo. "Tumechelewa. Ulisema adhuhuri, mie nika..."

"Marahaba, mwanangu. Sasa hii si ndiyo adhuhuri?"

Jua lilikuwa limeshalala upande. Mwanamke mmoja alifungua mdomo. Bi Mwajuma akamtupia jicho, mdomo ukafungwa. Mkeka ukatandikwa, sinia la pilau likatoka chumbani limefunikwa kawa. Bi Mwajuma akaketi akala nasi, tena kwa pupa, hadi nikashangaa.

Darasa la nne, mwalimu akauliza adhuhuri ni saa ngapi. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Saa tisa na nusu!" Darasa zima likavunjika mbavu. Nilibisha, nikamtaja na shahidi wangu. Mwalimu akachora ubaoni mtu mwenye jua utosini, kivuli chake kimejificha miguuni. Hiyo ndiyo adhuhuri, akasema. Ya kwako ni alasiri. Nikamnunia Bi Mwajuma wiki nzima kwa kunidanganya.

Leo nina familia yangu Kibamba, na nimeshapikia wageni wengi. Najua tumbo la mtu aliyeamka na moto alfajiri linavyolia ikifika saa saba. Hapo ndipo nilipoielewa ile pupa: mwenye shughuli alikuwa hajala. Alitungoja na njaa yake, katikati ya watu walioshiba.

Mama nadhani aliliona siku ileile. Mpaka sasa akialika watu hataji wakati wowote. "Njooni tu," husema, "mtatukuta hatujala."